Sifuri ya Miaka Minne

Ngazi za jengo lile zilikuwa mia moja tisini na nane. Mama Kiraka hakukusudia kuzihesabu, ila mtu akizipanda mara tatu ndani ya siku nne, lifti imezimwa ikaguliwe, tena na goti bovu, hesabu inakuja yenyewe. Alipofika juu kabisa, kwenye kichumba cha mitambo, alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili akasubiri pumzi imrudie.

"Karibu tena, dada," Fundi akamwambia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa kilicholowa maji kichwani, mgongo ameuegemeza ukutani. "Leo umehema kidogo. Unaanza kuzoea."

"Niache nife kwanza, salamu baadaye."

Kichumba kilikuwa na joto la tanuri. Bati juu, mota ya lifti katikati, dirisha moja lisilofunguka. Ukutani kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye kompyuta ndogo iliyoiambia lifti iende wapi, isimame wapi, ifungue mlango lini. Kisanduku hicho ndicho kilichomtoa ofisini. Kampuni yao ilikuwa imefunga vya namna hiyo katika majengo arobaini, na programu iliyo chini kabisa ndani yake, ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote umeme ukiwashwa, ilitoka mkononi mwake. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akiandika programu za aina hiyo na kuziba matundu yake. Ndiyo maana hata mfagizi wa ofisi hakumjua kwa jina lingine zaidi ya Mama Kiraka.

Jengo hili lilikuwa na ugonjwa mmoja. Alasiri jua likipamba moto, lifti husimama katikati ya ghorofa na watu ndani, taa inawaka, mlango haufunguki, mpaka Fundi apande aizime na kuiwasha upya. Mara kumi na moja ndani ya wiki tatu. Juzi yake mtu mmoja alikwama saa nzima na friji lake jipya.

"Friji lenyewe halikulalamika," Fundi alisema. "Ila mwenye friji alinitukana mimi, akamalizia na babu yangu."

Na kila mara kisanduku kiliandika ujumbe ule ule: hitilafu ya kache, mfumo umesimamishwa.

"Hebu nieleze tena hiyo kache," Fundi akasema. "Jana ulinieleza nikaitikia tu, niliona umechoka."

Mama Kiraka akakaa kwenye sanduku la vifaa, akanyoosha mguu. "Wewe ukienda kupima milango ya lifti, vipimo unaandika wapi?"

"Kwenye kikaratasi. Nakitia mfukoni."

"Na daftari kubwa?"

"Liko ofisini. Nani azunguke nalo?"

"Basi prosesa, ubongo wa kompyuta hii, nayo ndivyo ilivyo. Daftari lake ni kumbukumbu kuu, iko mbali na inachelewa kujibu. Kache ndiyo kikaratasi cha mfukoni. Sasa kikaratasi kikilowa jasho, namba zikafutika, utafanyaje?"

Fundi alifikiri kidogo. "Inategemea. Kama nilinakili kutoka daftarini, nakitupa, nanakili upya. Lakini kama ni vipimo vipya ambavyo sijaviingiza daftarini, basi tena. Itabidi nirudi nikapime."

"Umemaliza. Hiyo ndiyo kazi yangu yote."

Joto la alasiri lilikuwa likigeuza biti moja moja ndani ya kache: moja inakuwa sifuri, sifuri inakuwa moja. Prosesa yenyewe ilikuwa na ukaguzi. Kila fungu la biti lilibeba biti moja ya ziada ya kulinda hesabu, na hesabu isipokubali, prosesa huacha kila kitu na kurukia msimbo wa dharura, kipande cha programu kinachoamua la kufanya. Msimbo huo Mama Kiraka aliuandika miaka sita nyuma, wakati kampuni ina haraka na yeye hana usingizi. Haukuuliza kama kilichoharibika ni nakala tu au ni kitu pekee. Ulikanyaga breki, ukazima kila kitu, ukangoja binadamu. Ulikuwa salama, hakuna ubishi, lakini usalama wa kufunga soko zima kwa nyanya moja iliyooza.

"Kuna kitu kinanikereketa, dada," Fundi akasema. "Jengo la ng'ambo ya barabara lina bati kama hili na kisanduku kama hiki. Jua ni moja. Mbona lile halisimami?"

"Labda bodi ya hiki ni mbovu."

"Mbovu? Mpya kabisa! Kisanduku cha mwanzo si kiliingia maji mwezi uliopita? Hiki nilikitoa stoo, kwenye karatasi zake. Kilikaa pale tangu enzi za meneja aliyepita."

Mama Kiraka alikuwa akifungua chupa ya maji. Aliacha kuifungua.

Asubuhi iliyofuata alivuka barabara. Msimamizi wa jengo la pili, mama mmoja mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimpandisha kwa lifti, na Mama Kiraka alishukuru kimoyomoyo kwa niaba ya goti lake. Lifti iliposimama juu, sakafu yake ilikuwa imepita sakafu ya nje kwa upana wa vidole vitatu.

"Inua mguu hapo," msimamizi akasema kwa mazoea. "Ina vituko vyake hii."

Chumba cha mitambo kilikuwa na joto lile lile. Mama Kiraka alichomeka kebo kwenye kisanduku, akakiuliza: tangu ufungwe, miaka minne sasa, umepata hitilafu ngapi za kache?

Sifuri.

Kwa nukta chache alifurahi. Kisha akalitazama tena lile jibu. Hata kompyuta iliyofungiwa kwenye chumba baridi hupata kosa mara moja moja kwa mwaka. Hii imekaa chini ya bati miaka minne ikose hata moja? Alirudia swali. Sifuri. Hiyo haikuwa sifuri ya afya. Ilikuwa sifuri ya mgonjwa ambaye hakuna aliyewahi kumpima homa.

Alipoteremka aliomba kitabu cha malalamiko ya wapangaji. Msimamizi alikitoa chini ya meza, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

Nilibonyeza nane, imenipeleka tano. Mlango umefunguka kabla sakafu haijafika. Imenipita, imerudi, imenipita tena. Pembeni ya kila lalamiko mtu alikuwa ameandika jibu lile lile kwa kalamu nyekundu: watoto wanachezea vitufe. Aligeuza kurasa mpaka akafika mahali palipoandikwa, miaka miwili nyuma: Mwalimu wa ghorofa ya saba amejikwaa akitoka kwenye lifti, amevunjika kifundo cha mkono. Jibu la kalamu nyekundu lilikuwa: wazee wasindikizwe.

"Huyu Mwalimu alipona?" Mama Kiraka akauliza.

"Mkono ulipona, umepinda kidogo tu. Yeye mwenyewe ndiye hatoki. Wanawe wamemkataza kushuka peke yake." Msimamizi akafunga kitabu. "Ni mama wa kujiheshimu sana yule. Aliapa kwamba ni lifti. Nani amsikilize?"

Ofisini, Mama Kiraka hakuvua hata mkoba begani. Alifungua faili la msimbo wa kuwashia, lile linaloiandaa prosesa kabla ya chochote, akashuka mstari kwa mstari mpaka mahali ambapo ukaguzi wa kache unawashwa. Mstari ulikuwepo, ila umezimwa. Umewekewa alama ya kuifanya mashine iuruke. Tarehe ya mabadiliko ilikuwa ya miaka minne iliyopita. Na jina la aliyebadilisha lilikuwa la Jirani.

Jirani alikuwa mwenzake wa meza ya pili. Miaka kumi na tisa walikaa bega kwa bega, wakaitana hivyo mpaka familia zao zikaitana hivyo. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mvi za mapema, ambaye hakupanda lifti kamwe. Mwenyewe husema daktari kamwambia afanye mazoezi. Jumatatu iliyopita, Meneja alipompa Mama Kiraka kazi hii na kumtaka aimalize Ijumaa, Jirani alisema bila kuinua kichwa, "Si uzime ukaguzi tu, jirani, ukapumzike? Ni kabiti kamoja." Mama Kiraka alicheka. Alidhani ni mzaha.

Sasa Jirani alikuwa akimenya chungwa. Mama Kiraka akamgeuzia kioo cha kompyuta. Jirani alisoma, akaliweka chungwa mezani taratibu kama yai.

"Umeufikia," akasema.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Twende nje."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na kibaraza chenye matangi ya maji, mahali wavuta sigara walipojificha. Hapakuwa na mtu. Jirani alisimama akiangalia matangi.

"Unaukumbuka mwaka ule mke wangu alipolazwa," akaanza.

Aliukumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa akifua mashuka na kuyapeleka wodini.

"Kila alasiri simu inapigwa. Lifti imesimama jengo fulani, lifti imesimama jengo fulani. Niko kwenye benchi la hospitali, daktari ananieleza habari za damu ya mke wangu, simu inaita mfukoni. Siku moja nikafungua kompyuta pale pale kwenye benchi, nikazima ukaguzi. Mstari mmoja. Nikawatumia mafundi faili, wakalipakia majengo yote. Nikajiambia wiki ijayo nitarudi niandike msimbo wa maana. Simu zikakoma, jirani. Zikakoma kabisa. Meneja wa wakati ule akanipa cheti cha pongezi."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo nilikuwa nazika."

Hasira ilimjia Mama Kiraka, ikamkuta hana nguvu ya kuipokea. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi: simu zile alizopigiwa mwenzake hospitalini zilisababishwa na msimbo wake yeye, ule uliosimamisha lifti kwa kila kosa, dogo na kubwa. Angeuandika vizuri tangu mwanzo, zingepigwa mbili tatu tu.

"Ulijua hatari yake?"

"Nilijua. Ndiyo maana napanda ngazi." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Kila mwezi ulivyopita, lile faili lilizidi kuwa zito. Nilikuwa naogopa hata kulitazama jina lake. Wewe ulihamishiwa mradi mwingine, hakuna aliyeuliza."

"Kuna mama mmoja amevunjika mkono," Mama Kiraka akasema, akamweleza habari za kitabu cha malalamiko, kalamu nyekundu na yote.

Jirani akaketi juu ya kidato cha kibaraza na suruali yake safi, akafunika uso. Mama Kiraka hakumbembeleza. Lakini hakuondoka pia.

Meneja alikuwa na umri wa kuwa mpwa wake, na alipenda kumwita Mama hata walipogombana. Aliwasikiliza wote wawili, pamoja na Fundi aliyeitwa, akizungusha kalamu vidoleni.

"Mama, nilikuomba unizibie jengo moja. Unaniletea thelathini na tisa."

"Lile moja ndilo zima. Kisanduku chake kilikuwa stoo mstari ulipozimwa. Linalia kwa sababu linaona. Haya mengine yamefumbwa macho."

"Kuna mtu anaweza kuanguka na lifti?" Alimtazama Fundi.

"Kuanguka hapana, bosi. Kamba na breki za chuma haziulizi ruhusa ya kompyuta. Ila sakafu kutokufika, mlango kufunguka vibaya, mtu kujikwaa, hayo yapo. Na nimeyaona, nikadhani ni vipimo vyangu."

Meneja aliacha kuzungusha kalamu. "Tunaweza kusema ni uboreshaji. Tukapita kimya kimya, kila kitu kikawa sawa."

"Unaweza kuliita jina lolote," Mama Kiraka akasema. Sauti yake haikupanda. Hakuwa na pumzi ya kuipandisha. "Lakini ghorofa ya saba kuna mtu ameambiwa miaka miwili kwamba amezeeka, hajui kuangalia anapokanyaga. Huyo naye tumwambie ni uboreshaji?"

Feni ya dari ikazunguka na kukwaruza. Kisha Meneja akavuta karatasi na uso wa mtu aliyetafuna kwinini. Barua iende majengo yote: kuna kasoro ya kampuni, lifti zifungwe kuanzia adhuhuri mpaka saa kumi hadi zitakapotengenezwa, watu waangalie vizingiti. Alipofika kwenye neno kasoro alisita, akaliandika.

"Na yeye?" akauliza, akimwonyesha Jirani kwa kidevu.

"Yeye namhitaji," Mama Kiraka akasema. "Ya adhabu mtajua wenyewe baadaye."

Siku tatu waliandika. Wazo lilikuwa jepesi kama alivyolisema Fundi na kikaratasi chake. Kosa likitokea, msimbo wa dharura uiulize prosesa: kilichoharibika ni nini? Kama ni nakala safi, itupwe, isomwe upya kutoka kumbukumbu kuu, kosa lihesabiwe, na lifti iendelee bila abiria kujua. Kama ni kitu kipya ambacho hakijafika kumbukumbu kuu, hapo hakuna kubahatisha: breki, mfumo uwashwe upya wenyewe, lifti itambae polepole mpaka mlango wa karibu ipime upya mahali ilipo, ndipo ifungue. Na makosa yakizidi idadi ndani ya saa moja, lifti isimame ghorofani mlango wazi na kumwita fundi.

Kulitenda ndiko kulikomtoa jasho. Msimbo wa dharura hauruhusiwi kukanyaga penye uozo. Hauwezi kutumia kache ile ile iliyoharibika, hauwezi kuamini chochote kilichokuwa kikiendelea, una rejista, vishikio vya ndani ya prosesa, mbili tu za kushikia vitu, kama mtu anayetembea gizani kwenye chumba chenye vioo vilivyovunjika akiwa na mikono miwili na mishumaa hana.

Kuujaribu, walihitaji joto. Mama Kiraka alimwendea wifi yake mwenye saluni, akaazima mashine ya kukaushia nywele.

"Wifi, leo unajipamba?" wifi akashangaa.

"Napamba kompyuta."

"Ukiiunguza utanisukia wewe kwa mkono wateja wote wa Jumamosi."

Wakaielekeza mashine ile kwenye prosesa. Pua ya chombo ikavuma, bodi ikanuka plastiki ya moto, na baada ya dakika sita kosa la kwanza likaja. Kila kitu kikaganda. Hakuna ujumbe, hakuna breki, kimya tu. Wakajaribu tena, kimya. Mama Kiraka aliegemea kiti akafumba macho. Alitamani kulala palepale, na bodi inanuka, na mashine inavuma.

"Zile namba ambazo lifti imeziacha kwenye rejista unaziweka wapi kabla ya kuanza kazi?" Jirani akauliza.

"Pale pa kawaida, penye vitu vya muda."

"Na hapo pa kawaida panapita wapi?"

Alifumbua macho. Panapita kwenye kache. Msimbo wa dharura, hatua yake ya kwanza kabisa, ulikuwa ukiweka mzigo juu ya ubao uliooza, ukazaa kosa ndani ya kosa. Alilijua jambo hilo tangu ujana wake. Uchovu ulikuwa umelifunika.

"Tenga kijisehemu pembeni kisichopita kwenye kache," Jirani akasema kwa sauti ya chini. "Nililiwaza hilo miaka minne. Kichwani nimeshauandika huu msimbo mara mia."

"Basi sogea hapa uuandike kwa vidole."

Akasogea. Saa tisa alasiri ya siku ya tatu, mashine ya wifi ikavuma dakika arobaini mfululizo. Makosa kumi na tisa yakaja. Kumi na saba yalitupwa na kusomwa upya, mawili yaliisimamisha lifti ya majaribio na kuitambaza mpaka mlangoni. Hakuna aliyeshangilia. Jirani alizima mashine, akaifunga waya wake vizuri.

Walianza na lile jengo la ng'ambo, na walipomaliza juu, Mama Kiraka akabonyeza kitufe cha saba. Jirani alikuwa ndani ya lifti, amebana mgongo ukutani. Sakafu ilifika sawasawa.

Mwalimu alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sabini na kitu, amevaa nguo zilizopigwa pasi ijapokuwa hakuwa na pa kwenda. Alisikiliza amesimama. Jirani alieleza mwenyewe, hakumwachia mtu: kwamba yeye ndiye aliyezima ukaguzi, kwamba alijua, kwamba alinyamaza. Hakutaja hospitali wala benchi. Mama Kiraka alimtazama akidhani amesahau, kisha akaona hakusahau.

Mwalimu alisugua kifundo chake kilichopinda.

"Kwa hiyo sakafu haikuwepo," akasema.

"Haikuwepo, mama. Ilikuwa chini ya pale ulipoitarajia."

"Niliwaambia. Niliweka mguu, nikakosa sakafu. Wakanipeleka kupimwa macho. Wakanipeleka kupimwa kichwa." Akakaza midomo. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Miaka miwili hii nilianza kuamini kwamba sijui kuhesabu ngazi moja."

"Tusamehe, mama."

"Hilo tutaliongea." Akaingia ndani, akarudi na simu, tayari inaita. "Kwanza mwambie huyu. Ni mwanangu wa kwanza. Mwambie kama ulivyoniambia, usipunguze kitu."

Jirani akapokea simu kwa mikono miwili. Mama Kiraka alisikia sauti nzito ya mwanamume ikipanda upande wa pili, ikizidi kupanda, na Jirani akirudia, "Ndiyo, kaka. Ni kweli. Hapana, hakukosea yeye. Ni mimi." Mwalimu alisimama karibu naye wima kabisa, akisikiliza kila neno, kama anayesahihisha mtihani. Walipoondoka hakuwaaga kwa mkono. Lakini hakufunga mlango. Aliuacha wazi akaenda kuvaa viatu.

Majengo yaliyobaki yalichukua wiki tano, kwa sababu visanduku havikuwa na mtandao. Kila kimoja kilitaka mtu, kebo na ngazi. Walikwenda wawili, wakati mwingine na Fundi. Nyumbani mume wa Mama Kiraka, dereva mstaafu, alimwekea beseni la maji ya moto yenye chumvi kila jioni, akamkanda goti huku akimsimulia habari za majirani ambazo hakuzisikia. "Unalala ukiwa umefumbua macho," alimwambia siku moja. "Naanza kukuogopa." Majengo mengi, ukaguzi ulipowashwa, yalionyesha makosa mawili matatu kwa wiki, yakatupwa, maisha yakaendelea. Majengo mawili yalikuwa mabaya kupita kiasi. Fundi akabadilisha bodi na kufunga feni.

Kwenye ngazi za jengo la thelathini na moja, wote wawili wakiwa wameketi kupumzika, Jirani aliuliza, "Ungekuwa wewe kwenye lile benchi, ungefanyaje?"

Mama Kiraka alifikiri kwa kweli. "Sijui, jirani. Mwaka ule mimi nilikuwa na nafuu."

Kampuni ilimpa Jirani onyo la maandishi na kumwondoa kwenye kuandika. Akapelekwa chumba cha majaribio, kazi yake kujaribu kuvivunja visanduku vipya kabla havijatoka. Cheti chake cha zamani alikirudisha mwenyewe. Ofisi haikujua ikiweke wapi, ikakitia kwenye kabati la karatasi za printa.

Siku walipomaliza jengo la mwisho, Mama Kiraka aliingia kwa Meneja na fomu ya likizo.

"Wiki mbili, Mama? Sasa hivi? Jengo likipiga simu tutamwita nani?"

"Mpigie Jirani."

"Jirani?" Meneja akamtazama kama hakusikia vizuri. "Huyu huyu?"

"Msimbo wote anaujua. Tumeupitia naye mstari kwa mstari, na kila mstari nimemhoji." Akaisogeza fomu mezani. "Tena atapokea. Yeye simu haachi tena iite. Weka saini hapo chini, mwanangu, nikalale."

Meneja akatafuta kalamu.